Nimekunywa Chai Tu

Siku ya kuniaga, mgeni rasmi alisema nimeokoa maisha ya watu wasiohesabika. Nilimshukuru, nikapokea vitenge na saa ya ukutani, nikarudi kukaa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya utumishi wangu sikuokoa mtu, nilisikiliza matumbo. Watu wa huku kwetu Pwani hawaji zahanati kwa sababu ya figo. Wanakuja kwa homa na kwa tumbo. Homa ina kipimo na dawa yake, mtu anapewa anakwenda. Tumbo ndilo litakalobaki na ninyi, vijana wangu, kwa hiyo ndilo ninaloliandikia, na sitawaficha kwamba habari zenyewe hazichangamshi.

Nilianzia Kisarawe, zahanati ya kijiji kimoja cha ndani, mbali na lami. Mimi ni mtu wa Singida. Nilikuwa afisa tabibu niliyetoka chuoni juzi, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Asubuhi ya kwanza akaingia bibi mmoja, akaniambia chango linamsokota. Chuoni hatukufundishwa chango. Nikamuuliza ni sehemu gani ya mwili. Bibi akanitazama kwa huruma, kisha akamgeukia Mzee Kondo, mkuu wa zahanati, akamuuliza kama huyu mtoto kweli kasomea.

Mzee Kondo alisubiri bibi aondoke ndipo akanieleza. Chango ni kila kitu kinachojinyonga chini ya kitovu: hedhi, minyoo, gesi, na wakati mwingine huzuni. "Hapa watu hawana utumbo," alisema. "Wana chango. Ukitaka wenye utumbo, rudi chuoni." Alikuwa mtu wa maneno machache na hayo machache yote yalichoma.

Vifaa vyetu havikuwa vingi, na kikubwa cha Mzee Kondo kilikuwa mikono. Kabla ya kumgusa mgonjwa aliipasha kwenye jiko la mafuta la kuchemshia sindano, maana mkono wa baridi hulikaza tumbo, na tumbo lililokaza huwezi kulisoma. Alivuta kope ya chini kuangalia damu, akatazama kucha, akatazama ulimi, kisha akauliza habari za choo bila kupepesa macho. Kinaelea au kinazama? Kina mafuta? Kinanuka kuliko kawaida? Mimi niliona aibu kumuuliza hivyo mtu wa umri wa baba yangu. Mzee Kondo akaniambia nianze na shikamoo. Ukishaamkia kwa adabu, alisema, unaweza kuuliza lolote. Nimeitumia njia hiyo hadi nastaafu na sijawahi kufukuzwa.

Kisarawe ya wakati ule asubuhi ilikuwa mihogo ya kuchemsha, magimbi, au kiporo cha wali. Ngano ilikuwa chakula cha sikukuu na cha wageni. Nilipohamishiwa Kibaha, kituo cha afya kisicho mbali na barabara kuu, nilikuta mambo mengine. Mtaa wa Misugusugu ulikuwa unajaa nyumba mpya, na kila penye nyumba tatu palikuwa na mama anayekaanga maandazi na mwingine anayesukuma chapati. Wafanyakazi wanaowahi Dar hawana saa ya kuchemsha mihogo. Sikuona ubaya wake, na kwa watu wengi hauna ubaya. Mimi mwenyewe napenda chapati kuliko inavyonifaa.

Wagonjwa wa tumbo tuliwatibu kwa utaratibu ambao ninyi pia mnaujua, ingawa haukuandikwa popote. Kwanza dawa ya minyoo. Akirudi, amiba. Akirudi tena, taifodi. Akizidi kurudi, vidonda vya tumbo. Na akirudi vipimo vyote vikiwa safi, ndipo anaambiwa ana tumbo la mawazo, akapunguze mawazo, kana kwamba mawazo ni chumvi.

Tumbo la mawazo si uongo. Upo ugonjwa ambao utumbo, ukiutazama, hauna kidonda wala uvimbe, lakini ni mwepesi wa kushtuka. Unajaa gesi, unakata, wiki hii unaendesha, wiki ijayo umefunga. Mgonjwa hafi kwa huo, ila hafurahii kuishi. Kosa ni kuufanya kapu la kutupia kila tumbo tulilochoka nalo. Maana yapo maradhi mengine yenye sura ileile, yanayofanana nao kama mapacha, na pacha mmoja ni mkorofi.

Pale Kibaha tulikuwa na bwana mmoja wa ofisini, mtu wa kwenda Dar na kurudi kila siku, aliyesoma kwenye simu kuhusu gluteni. Huo ni ule unato wa ngano, unaofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Akaacha ngano yote, akawatangazia majirani, akaanza kuninunulia mimi vitabu. Tumbo lilitulia kidogo, halikupona. Baadaye, alipokwisha kurudia ngano kwa wiki kadhaa, vipimo vilionyesha mwili wake haugombani na gluteni. Ni utumbo mwepesi tu, ambao ngano nyingi huujaza gesi, kama maharage na vitunguu vinavyoujaza. Nilimwambia apunguze vyote, asifukuze kimoja. Alisikitika sana, nadhani alikuwa amekwisha kuzoea kuwa na ugonjwa wa kizungu.

Sasa niwaeleze kuhusu Tatu, maana bila yeye nisingeandika.

Tatu alikuwa na meza ya chapati kando ya barabara, Misugusugu. Mwenyeji wa kijiji cha Janga, ameolewa na Athumani, fundi ujenzi. Alipoanza kuja kwetu alikuwa mwanamke wa kawaida mwenye tumbo la kuendesha. Akapita utaratibu wote niliousema, kuanzia minyoo hadi mawazo. Kila alipokuja alikuwa mwepesi kuliko alivyoondoka. Kope zikawa nyeupe, kucha zikabonyea, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Mimba hazikukaa. Nilimkuta kwenye foleni siku moja nikampita, nikidhani ni mama yake.

Kwa wembamba ule tulimpa unga wa lishe, kama tunavyompa kila aliyekonda. Mnajua unga wenyewe: mahindi, soya, karanga, ulezi, na ngano, maana huku kwetu unga wa lishe usio na ngano watu huuona haujakamilika. Alikunywa uji wake asubuhi na jioni kwa utii. Akazidi kukonda. Tukamwambia aongeze.

Watu wa mtaani hawakuhitaji vipimo. Mwanamke anaendesha, anakonda, nywele zinamtoka, mimba zinaharibika. Jina la ugonjwa huo kila mtoto analijua. Wateja wakaanza kununua kwa jirani yake. Tulimpima virusi vya UKIMWI, hana. Baada ya miezi tukarudia, hana. Athumani naye akapima, hana. Nilikaa na wote wawili chumbani, nikawaonyesha majibu, nikawaeleza neno kwa neno. Athumani alisikiliza kwa heshima zote, akaniambia, "Sawa daktari, lakini macho yangu nayo yanapima." Haikupita muda mrefu talaka ikaja, imeletwa na kaka yake Athumani, naye hakutaka kuingia ndani. Nilikasirika kwa namna ambayo mtumishi wa afya haruhusiwi kukasirika. Kuna ndoa zinazovunjwa na ugonjwa, hii ilivunjwa na ugonjwa ambao haupo.

Kilichotufungua macho kilikuwa mfungo. Alikuja siku chache baada ya Idi, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na rangi. Muuguzi akamsifu. Tatu akasema yeye Ramadhani hupata nafuu kila mwaka, kisha tumbo humrudia. Mama yake alisema ni baraka za mwezi. Sikuwa na ugomvi na baraka, ila nilitaka kujua baraka hizo zinapikwa na nini. Nikamuuliza walifuturu nini. Akanitajia: mihogo, magimbi, kunde, na uji wa mchele wenye pilipili manga badala ya ule wa lishe tuliompa. Daku wali. Meza ya chapati huwa anaifunga mwezi mzima, anakwenda kukaa kwa mama yake Janga, na kwa mama yake hakuna anayekanda unga.

"Na siku zisizo za mfungo, asubuhi unakula nini?" nikamuuliza.

"Asubuhi silagi kitu, daktari. Nakunywa chai tu."

Jibu hilo nilikwisha kulisikia kwake mara nyingi, na kwa wagonjwa wengine mara zisizo na idadi, na sote tuliliandika hivyohivyo: asubuhi hali kitu. Siku ile nilikuwa na njaa, pengine ndiyo sababu. Mimi pia nilikuwa nimekunywa chai tu, na chai yangu ilikuwa na chapati mbili.

"Chai na nini?"

"Chai, daktari."

"Chai kavu?"

Akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Chai kavu nani anakunywa? Na zile zilizokatika. Chapati ikichanika haiuziki, sasa utaitupa? Nakula hizo hadi meza inaisha."

"Mchana?"

"Mchana silagi. Nikisikia njaa narudia chai."

Fikirini lugha yetu ilivyotuficha. Kwetu kula ni ugali, kula ni wali. Chapati, maandazi, mkate, hivyo ni vitafunio, na kitafunio kimo ndani ya neno chai kama sukari ilivyomo. Tatu hakudanganya hata siku moja. Tulimuuliza kuhusu chakula akatujibu kuhusu chakula. Mwanamke aliyeishi kwa ngano kuanzia alfajiri hadi jioni, kwenye kadi zetu alikuwa mtu asiyekula.

Mkumbuke hili jingine, kwa sababu ni gumu na mtashawishika kulikwepa. Nilitamani kumwambia aache ngano siku ileile. Nilimpigia kwanza daktari bingwa wa matumbo mjini, akaniambia nisithubutu. Kipimo cha damu kinatafuta ugomvi wa mwili na gluteni. Mgonjwa akiacha ngano, ugomvi unapoa na kipimo kinaweza kusema ni mzima. Bingwa alitaka arudie ngano kila siku, kwa wiki kadhaa, ndipo damu ichukuliwe. Kwa hiyo nilimweleza Tatu ninachokishuku, kisha nikamwomba arudi akale kile ninachoshuku kinamuua. Alikubali. Aliondoka pale na nafuu yake ya Ramadhani, na siku ya kuchukua damu alirudi ameegemea bega la mama yake. Nimefanya mambo mengi ya kuumiza watu kwa faida yao, nimepasua majipu, nimeunga mifupa. Hakuna lililonikaa kifuani kama lile.

Majibu yakaja. Mjini wakamwingiza mpira wenye kamera, wakachukua kipande cha utumbo, wakakuta ule ukuta wa ndani, ambao kwa mtu mzima wa afya una manyoya madogo ya kufyonzea chakula, umekwanguka ukawa tambarare. Kila alichokula kilikuwa kinampita. Hakuwa na utumbo mwepesi, wala mawazo, isipokuwa yale tuliyompa sisi na mume wake. Huyu alikuwa yule pacha mkorofi.

Dawa yake ni moja: asile ngano maisha yake yote, wala shayiri, wala kitu kilichoguswa na unga wake. Ukisikia ni rahisi. Tatu alifunga meza, akagawa frampeni na kibao cha kusukumia, akaanza kuchoma mihogo na ndizi. Akaanza kunenepa. Nywele zikaota. Niliwaita vijana wa kituo waje wamwone, maana katika kazi yetu ni mara chache mtu anarudi kutoka kule alikokuwa amefika. Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kama ni mwanangu.

Lakini mtaa una tabibu wake. Watu walipoona amenawiri walitazamana, wakasema dawa zimemkubali. Kukonda kulikuwa ushahidi, na kunenepa kukawa ushahidi uleule. Aliwaeleza kuhusu ngano. Wakasikiliza kama Athumani alivyosikiliza, kwa heshima zote. Nani amewahi kuona mtu anauawa na chapati, tena muuza chapati? Ugonjwa wenyewe hauna hata jina kwa Kiswahili. Nililomtajia ni la kigeni, na kila alipolitamka lilitoka na sura tofauti. Ikafika mahali hata mama yake akaacha kujaribu kulitamka.

Kibaya zaidi kilikuwa kwenye shughuli. Mnajua msiba wetu: watu wanakaa, zinapita chupa za chai na sinia la maandazi. Ukikataa mara moja, umeshiba. Ukikataa kila mara, kila nyumba, unawaambia wenye nyumba kwamba unaiogopa mikono yao. Mama mmoja alimwuliza mbele ya watu kama amekuja kuzika au amekuja kuwaita wenye msiba wachawi. Tatu alinisimulia haya kituoni huku analia, na mimi nilikuwa na dawa za kila kitu kwenye kabati lile isipokuwa hicho. Nilikwenda mwenyewe mtaani kuongea na wanawake. Waliniitikia vizuri, wakanishukuru kwa elimu, wakaniletea chai.

Hatimaye akahama. Alipata kiwanja Soga, upande wa pili wa kituo cha treni mpya, akaenda kuanza upya penye watu wasiomjua. Nilimsindikiza kwa maneno mengi ya kutia moyo. Niliyaamini nusu.

Mwaka huu, nikiwa sasa sina foleni inayonisubiri, nilikwenda kumtembelea. Nilimkuta katika shughuli ya jirani, wanawake wamekaa kwenye mikeka wanamenya viazi, naye yuko katikati yao anacheka. Alikuwa na mwili, ngozi inang'aa, mikono ina nguvu. Alikuja kunipokea mbio. "Shikamoo daktari," akasema, nikasema marahaba. Akanikalisha karibu naye.

Chai ikaanza kupita, na maandazi. Nikajiandaa kwa yale ninayoyajua. Badala yake mwenye shughuli, mama mnene mwenye sauti kubwa, akaja na bakuli lililofunikwa, akaliweka mbele ya Tatu kwa mikono miwili.

"Da Tatu, yako hii. Nimechemsha mihogo kwenye sufuria jipya, haijakaribia unga kabisa."

Wengine wakamsogezea chumvi, mmoja akamsogezea pilipili. Hakuna aliyeguna. Nilitazama wale wanawake nikawaonea fahari. Nikafikiri, kumbe inawezekana, kumbe kuna mahali mtu anaweza kueleza akaeleweka. Walipoondoka kwenda kuangalia wali, nilimwuliza Tatu aliwaelezaje hadi wakaelewa vizuri hivi, kwa sababu nataka kuwaandikia wenzangu nao wajue namna ya kusema.

Aliinamisha kichwa, akawa anamenya kipande cha muhogo kilichokuwa kimekwisha kumenywa.

"Nimewaambia ninao, daktari."

Sikumwelewa, nikamwuliza ana nini.

"Hao wadudu mlionipima. Nimewaambia natumia dozi, na kliniki wamenikataza ngano. Kule nilisema ukweli hadi sauti ikanikauka. Hapa nimesema uongo mara moja tu, wakanielewa siku ileile. Hata maswali hawakuniuliza. Wananipenda, daktari, umewaona mwenyewe."

Nilitaka kumwambia kwamba si sawa. Nilitaka kumwambia kuna siku mwanamume mwema atakuja kuposa, na wanawake haohao, kwa upendo wao, watamwambia. Nilipomtazama niliona analijua hilo, na alikwisha kulipima, na ameamua. Akanikatia nusu ya bakuli lake, akanikaribisha.

Nikala. Mihogo ilikuwa laini, imeiva vizuri, imepikwa kwa uangalifu mkubwa na mtu mwenye moyo, kwa ajili ya mgonjwa wa ugonjwa mwingine.